Mikono tu, uso hapana: jinsi video za hina zinavyolipa

Wasichana wanaokuja kwangu Mkanyageni, Mombasa, kujifunza hina huniuliza kabla hata hatujachekecha unga: YouTube inalipa shilingi ngapi kwa watazamaji elfu moja? Bei moja haipo. Tena kuna swali linalotangulia hilo, nalo ni nani atakayetoa pesa. Video yaweza kulipwa na mwenye tangazo, na mtazamaji mwenyewe, na kampuni inayotaka bidhaa yake ionekane, au na mteja aliyeona maua kwenye mkono wa mwenzake akasema, nami nataka. Wanne hawa hawavutwi na video ya namna moja. Nimeona vijana hodari, wenye mkono mzuri kunishinda, wakichoka na kuacha kwa sababu walikuwa wakimtengenezea mmoja huku wakingoja malipo ya mwingine.

Mimi nachora hina na kupiga video za mikono. Uso hauonekani, si wangu wala wa bi harusi. Ninayoyaandika hapa yatamfaa pia mshonaji, mpishi wa mahamri au fundi wa simu, maana njia za pesa ni zile zile.

Video ya kimya na video ya maneno

Mkono unaochorwa hauhitaji lugha. Ninaponyamaza, koni ya hina ikitembea tu juu ya kiganja, mtu wa India ataangalia, wa Marekani ataangalia, wa Oman ataangalia. Na mwenye tangazo kwa kawaida hulipa zaidi kumfikia mtazamaji wa Uingereza kuliko wa Kisauni. Kwa hivyo video za kimya ndizo zenye pesa ya matangazo. Lakini mama aliyeko London hatanipigia simu nikamchore Alhamisi.

Video ninayozungumza kwa Kiswahili, nikieleza kwa nini hina ya asili hutoka na rangi ya chungwa ukiibandua, kisha ikakolea kwa siku moja au mbili, hutazamwa na wachache. Lakini wachache hao wako Tudor, Bondeni, Likoni na Mtwapa, na jamaa zetu walio Maskati na Dubai ambao wanakuja kuoza watoto wao hapa. Hao ndio wanunuzi.

Mchoro mmoja watosha kwa zote mbili. Weka simu kwenye stendi iangalie chini, karibu na dirisha, asubuhi kabla jua halijaingia ndani moja kwa moja. Mwanga wa dirisha waonyesha rangi ya hina kuliko taa ya duara, ambayo huufanya mkono ung'ae kama umepakwa mafuta. Rekodi mchoro mzima bila kukata. Kisha toa kipande kifupi cha kimya, na kingine kirefu ambacho utakiwekea sauti baadaye. Sauti yangu nairekodi baada ya Isha, tuk-tuk zimepungua, ndani ya chumba chenye godoro na kanga zilizotundikwa ili sauti isirudi. Ukirekodi nje, jihadhari na upepo wa kusi. Masikio yako yauzoea, maikrofoni ya simu haiuzoei kamwe.

Pesa ya matangazo

YouTube haikulipi matangazo mpaka uwe na wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au wafuasi hao 1,000 na video fupi za Shorts zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Usiwanunue wafuasi. Wafuasi wa kununua hawaangalii, na saa hazihesabiwi kwa idadi ya majina.

Ukishakubaliwa, mgao wa video ndefu ni huu: katika kila shilingi 100 za tangazo, 55 ni zako. Video ikifika dakika 8, waweza kuwekewa tangazo katikati. Mchoro wa bi harusi hufika dakika nane bila kulazimishwa. Ua moja dogo la kidole halifiki, basi usilivute. Mtazamaji akihisi anazungushwa huondoka, na akiondoka hata lile tangazo la katikati hatalikuta.

Shorts zina hesabu nyingine. Pesa za matangazo hukusanywa kwenye mfuko, na wewe hupata asilimia 45 ya fungu lako. Ukitumia wimbo mmoja wa mtu kwenye video fupi, nusu ya pesa zinazotokana na video hiyo huenda kulipia muziki kabla ya mfuko wa wabunifu kugawanywa. Na kwenye video ndefu, taarabu inayosikika nyuma yaweza kutambuliwa na mtambo wa YouTube, na pesa zote zikaenda kwa mwenye wimbo. Hiyo ni haki yake, naye ameutolea jasho. Mimi naacha sauti ya koni ikikwaruza na ya feni. Watu wanaipenda, na hakuna anayenidai.

Sasa fika kwenye AdSense, akaunti ya Google ambayo pesa za YouTube hupitia, ambako wengi hukwama. Kwenye chaneli jiite upendavyo, lakini jina la AdSense liwe sawa herufi kwa herufi na la kitambulisho na la akaunti ya benki. Salio likifika dola 10, Google hutuma barua yenye nambari ya siri kwa njia ya posta kuthibitisha anwani yako. Barua ya kweli, ya karatasi! Nyumba zetu za Mji wa Kale hazina tarishi anayebisha hodi, kwa hivyo andika sanduku la posta ambalo unajua nani ana ufunguo wake. Salio lisipofika dola 100 hulipwi mwezi huo, linasogezwa mbele. Likifika, malipo hutoka kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Huja kwa dola, basi iulize benki yako mapema inakata kiasi gani kupokea fedha kutoka nje.

Jaza pia fomu ya kodi ya Marekani iliyo ndani ya AdSense. Usipoijaza, Google yaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote, hata yale yaliyotoka kwa watazamaji wa Changamwe. Ukiijaza, Mkenya hukatwa asilimia 30, kwa kuwa nchi zetu mbili hazina mkataba wa kodi, lakini ni ya sehemu iliyotoka kwa watazamaji wa Marekani peke yake. Kwa chaneli yenye watazamaji wengi wa huku nyumbani, fomu hiyo ni pesa.

Kuhusu TikTok na Facebook nitasema machache. Mpango wa TikTok wa kulipa kwa kutazamwa uko kwa nchi chache, Kenya haimo hadi naandika haya. Kinachopatikana kwetu ni zawadi za laivu, nazo zataka uwe na umri wa miaka 18. Sijauweka moyo huko, maana laivu yakutaka uongee na wageni usiku kucha ili wakutupie zawadi, na mimi usiku nina mikono ya kuchora. Facebook iliwafungulia Wakenya malipo ya matangazo mwaka 2024. Pandisha huko video zile zile ulizonazo.

Mteja aliye karibu

Hapa ndipo penye riziki yangu, na ningependa upakumbuke hata ukisahau mengine yote.

Kalenda kwanza. Msimu wa hina ni harusi za Shaabani kabla ya mfungo, mkesha wa Iddi zote mbili, kisha harusi za baada ya Ramadhani, na Desemba wageni wanapojaa Nyali na Bamburi. Mtu haanzi kutafuta mchoro siku ya Iddi, anaanza wiki mbili tatu nyuma. Video iwe imeshatangulia. Na kwa kuwa mwezi wa Kiislamu husogea siku kama 11 nyuma kila mwaka, usifuate tarehe za mwaka jana.

Pili, kila video ya Kiswahili iwe na njia moja tu ya kukufikia. Nambari moja ya WhatsApp na mtaa uliko, basi. Ukiweka kurasa tano mteja ataingia ya kwanza, atakuta haijajibiwa, ataenda kwa mwingine. Mtu akikuandikia, mpelekee bei iliyoandikwa wazi: mkono mbele na nyuma, mikono na miguu, bi harusi kamili, nauli ya kwenda Kilifi au Diani. Kisha omba arbuni kwa till ya M-Pesa, yaani nambari ya kupokelea pesa za biashara, ndipo uandike jina lake kwenye daftari. Till hukutenganishia pesa ya kazi na pesa ya nyumba, na taarifa yake ni ushahidi wako siku ukihitaji mkopo.

Tatu, mafunzo. Wengi hurekodi somo na kuliuza, siku ya pili limezagaa kwenye makundi. Mimi nauza kitu kisichosambazwa. Mwanafunzi anachora nyumbani kwake, ananitumia picha, nami namrekebisha kwa sauti: hapa umebana koni sana, hapa shina limezidi jani. Video za bure zinamfundisha kuona, marekebisho yanamfundisha mkono. Hilo la pili ndilo analolipia, na analipa kwa furaha.

Koni zilizochanganywa tayari sizitumi mbali. Hina ya asili haina kihifadhi, na joto letu laiharibu kwa siku chache isipokuwa ikae kwenye friza. Kwa aliye Nairobi au Lamu natuma unga mkavu kwa basi, na video ya kuchanganya anaipata bure.

Kampuni ikija

Kampuni ya mafuta ya nywele, duka la vitambaa, hoteli, wote hawa huangalia kama watazamaji wako ni wanunuzi wao, hata kama ni wachache. Chaneli ndogo ya wanawake wa Pwani wanaoandaa harusi ina thamani kwa muuza madera kuliko chaneli kubwa ya vichekesho. Sema hivyo ukiwa unapatana, usione haya. Andikianeni: video ngapi, itakaa muda gani, je, wao waweza kuitumia kwenye matangazo yao wenyewe, maana hilo ni malipo mengine. Chukua nusu kabla ya kuanza. Na YouTube ina mahali pa kuweka alama kwamba video imelipiwa. Weka, na useme kwa mdomo pia.

Kuna mfanyabiashara aliyenitaka nitangaze "hina nyeusi" inayoshika kwa nusu saa. Nilimkatalia. Hina ya asili haitoki nyeusi kwa nusu saa. Inayotoka hivyo ni piko, rangi nyeusi ya kuchorea, na mara nyingi ndani yake mna PPD, kemikali ya rangi ya nywele, ambayo huweza kuunguza ngozi ikatoa malengelenge, na mtu akabaki na mzio maisha yake yote. Ngozi inayoungua ni ya binti wa jirani, si ya mtu nisiyemjua. Kabla ya kukubali bidhaa yoyote, jiulize kama ungempaka mdogo wako.

Ridhaa na kodi

Mombasa mambo ya wanawake yana staha yake. Kwenye kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake peke yao, simu mara nyingi hukusanywa mlangoni, na hata zisipokusanywa, mimi sitoi yangu. Video zangu napiga nyumbani, kabla ya shughuli, mikono peke yake. Hata mkono naombea ruhusa, kwa ujumbe wa WhatsApp ambao nauhifadhi, na sirushi kabla ya harusi kupita. Jina la bwana harusi likiwa limefichwa ndani ya maua, kipande hicho nakikata. Pete ya urithi inayojulikana ukoo mzima, naomba ivuliwe. Na mtu akibadili nia baada ya mwezi, naitoa bila kubishana, hata ikiwa ndiyo inayotazamwa zaidi.

Adabu hii ina sheria nyuma yake, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliutoza mkahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Mkusanyo wa arbuni zako zote hauwezi kulipa hiyo.

Kodi nayo si ya kuogopwa, ni ya kuandikwa. Tangu tarehe 1 Julai 2023, kampuni ya Kenya inayokulipa kwa maudhui ya mtandaoni yatakiwa kukata asilimia 5 na kuipeleka KRA, mamlaka ya kodi. Dai cheti cha makato hayo kila mara, maana utayahesabu kwenye ritani yako. Ritani ya mwaka uliopita hufungwa tarehe 30 Juni, na mtandao wa iTax huwa mzito siku za mwisho. Mimi hukaa nayo Machi, na daftari la arbuni, taarifa ya till na karatasi za AdSense zikiwa mezani.