Klasi mtoto ikikwama, mama ikifanya kazi: kutafuta hitilafu ya urithi katika PHP

Mama mmoja anayeuza machungwa ya Muheza kwa jumla alinipigia simu nikiwa hapa Ngamiani, Tanga. "Mwanangu, nikiweka oda ya magunia ukurasa unakuwa mweupe. Ya rejareja inakubali."

Sentensi yake ya mwisho ilinipa nusu ya jibu. Kwenye mfumo wake wa PHP (lugha ya programu za wavuti), oda ya rejareja hutumia klasi mama, `Oda`; klasi ni kiolezo cha kuundia vitu kwenye programu. Ya jumla hutumia klasi mtoto, `OdaJumla`. Mama ikifanya kazi na mtoto ikakwama, anza na urithi, yaani namna klasi mtoto inavyochukua vilivyomo kwenye klasi mama.

Hatua ya 1: Soma logi ya seva, yaani faili ambamo makosa huandikwa. Ukurasa mweupe mara nyingi ni dalili kwamba `display_errors` (mpangilio wa kuonyesha makosa kwenye ukurasa) imezimwa, na kwenye mfumo unaotumiwa na wateja ndivyo inavyotakiwa. Kosa lenyewe liko kwenye logi. Nilikuta hili:

`Typed property Oda::$mteja must not be accessed before initialization`

Hapa wengi hupotea. Wakiona `Oda` wanafungua faili la `Oda` na kulipekua saa nzima, na halina tatizo. PHP inataja klasi ambamo propati (thamani inayotunzwa ndani ya kitu, kama `$mteja`) ilitangazwa, si lazima iwe klasi iliyokosea. Ujumbe huu ulikuja na toleo la 7.4, mwaka 2019, propati zilipoanza kupewa aina.

Hatua ya 2: Chungulia ndani. Kwenye kompyuta yako, si kwenye seva ya wateja, weka `var_dump($this); exit;` kabla ya mstari uliotajwa kwenye logi:

```
object(OdaJumla)#3 (1) {
  ["mteja":protected]=>
  uninitialized(string)
  ["magunia":"OdaJumla":private]=>
  int(12)
}
```

Magunia yapo, mteja hayupo. Kwa hiyo konstrakta (methodi, yaani kipande cha kazi ndani ya klasi, inayoitwa kitu kinapoundwa) ya mtoto imefanya kazi, ya mama haijaitwa.

Hatua ya 3: Rekebisha konstrakta.

```
public function __construct(string $mteja, int $magunia)
{
    parent::__construct($mteja);
    $this->magunia = $magunia;
}
```

Mstari wa `parent` ndio uliokosekana. Klasi mtoto isipokuwa na konstrakta yake, hurithi ya mama. Ukiiandikia ya kwake, PHP haiiti ya mama mpaka uiite wewe. Waliotoka kwenye Java huumia sana hapa, kwa sababu kule konstrakta ya mama isiyo na parameta huitwa yenyewe.

Hatua ya 4: Kagua `private`. Tuseme `$mteja` ingekuwa `private` (inayofikiwa ndani ya klasi yake tu) ndani ya `Oda`. Mtoto akiandika `$this->mteja = $mteja`, hagusi propati ya mama. Anazaa nyingine yenye jina lilelile, na ile ya mama inabaki tupu. Zamani hili lilipita kimya kabisa. Kuanzia toleo la 8.2 PHP inatoa onyo. Tiba ni `protected` (inayofikiwa na klasi watoto pia), au methodi ya mama inayopokea thamani. Tafadhali usikimbilie `public` (inayofikiwa na kila msimbo) ili tu kosa lipotee, maana faili lolote la mfumo litaweza kubadilisha jina la mteja na hutajua ni lipi.

Hatua ya 5: Hakikisha methodi imebatilishwa kweli, yaani mtoto ameandika upya methodi ya mama kwa jina lilelile. Mama ana `jumlaKuu()`, mtoto ameandika `jumlaYote()`. Hakuna kosa litakalotokea. Bei ya rejareja itaendelea kutozwa kwenye oda za jumla. Kuanzia toleo la 8.3 weka `#[\Override]` juu ya methodi ya mtoto, na PHP itagoma isipoikuta kwa mama. Kwenye toleo la zamani, uliza:

```
$m = new ReflectionMethod($oda, 'jumlaKuu');
echo $m->getDeclaringClass()->getName();
```

Ikijibu `Oda` badala ya `OdaJumla`, umelipata.

Nilipopandisha faili jipya, nilimwomba mama yule aweke oda yake ya magunia 12 tena, kisha moja ya rejareja. Zote zilikubali, na jina la mteja likatoka kwenye risiti.