Baiskeli ya mazoezi nyumbani: kuichagua, kuifunga na kuipanda bila kuumiza magoti

Mama mdogo alinipigia Jumapili jioni. Baiskeli waliyomnunulia wanawe ilikuwa inagonga, na magoti yanamuuma kuliko kabla hajaianza. Nilipofika kwake Tabata niliikuta sebuleni, kanga mbili mbichi zimeanikwa kwenye usukani.

"Shikamoo mama. Naona umepata kamba mpya."

"Marahaba baba. Acha kunicheka, niangalizie hiyo mashine."

Kazi yangu ni kufunga na kukarabati mashine za mazoezi, za gym na za majumbani. Baiskeli zilizogeuka kamba ya nguo nimezizoea, na wenyewe hujisema kwamba ni uvivu. Mimi siamini. Ukimpandisha mtu ukamtazama dakika mbili tu, karibu kila mara unakuta siti iko chini mno au pedeli imelegea. Hakuna anayerudi kwa hiari kwenye kitu kinachomuumiza. Ya mama mdogo ilikuwa na yote mawili, ndiyo maana naandika haya.

Hatua ya 1: Jua nani ataipanda

Kuna aina tatu. Ya wima, unakaa kama kwenye baiskeli ya kawaida. Ya kuegemea, ina kiti chenye mgongo na pedeli ziko mbele yako. Na ya spin, ile yenye gurudumu zito la chuma mbele, unainama kama mtu wa mashindano.

Mwenye mgongo mbovu, mwili mkubwa au umri umekwenda, mchukulie ya kuegemea, hata kama inakula nafasi. Ya spin ni nzuri kwa kijana, lakini kwenye nyingi gurudumu limeshikana moja kwa moja na pedeli: ukiacha kukanyaga, pedeli zinaendelea kuzunguka na miguu yako. Usichomoe mguu zikiwa zinazunguka. Bonyeza chini kile kirungu cha kukazia, kinachofanya pedeli ziwe nzito, ndiyo breki yake. Na kama nyumba ina mtoto anayetambaa, usiinunue kabisa. Lile gurudumu halina huruma na vidole.

Hatua ya 2: Dukani

Chukua inayokaza kwa sumaku. Za bei ya chini hukaza kwa kipande cha sufi kinachosugua gurudumu. Kinaisha, kinatoa vumbi, na siku za joto kinanuka. Sumaku haigusi gurudumu, kwa hiyo haina cha kuisha. Ongeza hela kidogo, au subiri mwezi mwingine. Hapo sibishani na mtu.

Mtumba si mbaya. Mimi ningechukua mtumba mzito wa gym kuliko mpya mwepesi wa boksi. Ila ipande dakika kumi palepale, muuzaji anune akitaka. Ikaze mpaka mwisho, kisha shika mkono wa pedeli, yaani krenki, uutikise kulia na kushoto. Ukicheza, beringi zimechoka. Tafuta kibandiko kinachotaja uzito wa juu wa mpandaji, na uache nafasi ya kutosha juu ya uzito wako. Kama inatumia umeme, soma adapta: mashine zilizotumika Marekani nyingine zinataka volti 110, na sisi ukutani tuna 230. Ukichomeka umeiaga. Nyingi za sumaku hutumia betri ndogo kwa ajili ya skrini tu, na hizo ndizo nazipenda, maana umeme ukikatika unaendelea kukanyaga.

Hatua ya 3: Kuunganisha

Fuata kijitabu. Kaza bolti zote nusu kwanza, ukimaliza ndipo uzikaze sawasawa.

Hatua ya 4: Pedeli

Hapa shusha pumzi, maana hapa ndipo niliwahi kupoteza siku nzima na hela yangu.

Nilikuwa sina hata mwaka kazini. Nilikuwa Mbezi, kwa mteja, mashine mpya, karatasi zake za nailoni bado ziko sakafuni. Pedeli ya kulia niliifunga ndani ya dakika moja. Ya kushoto ikagoma. Nikasema ni rangi imeingia kwenye hesi, ile mistari ya skrubu, nikaongeza nguvu. Ikaingia mzunguko mmoja, wa pili, halafu ikalainika ghafla. Nilipoichomoa ilitoka na nyuzi za chuma zinazong'aa kama vinyweleo. Hesi za krenki zote zilikuwa zimeliwa. Nikachukua daladala na krenki mfukoni mpaka eneo la Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi wa kukereza vyuma. Aliitazama akacheka, akaniuliza, "Kijana, nani kakwambia ya kushoto inakazwa kulia?"

Pedeli ya kushoto ina hesi za kinyume. Ya kulia unaikaza kwa kuzungusha kama mishale ya saa, ya kushoto unaikaza kinyume cha mishale ya saa. Imefanywa hivyo kwa makusudi: hesi zingekuwa za kawaida pande zote, kukanyaga kwenyewe kungekuwa kunailegeza ya kushoto kidogo kidogo mpaka idondoke. Namna ya kukumbuka: spana ikiwa imesimama juu ya pedeli, pande zote mbili unakaza kwa kuisukuma kuelekea mbele, kwenye usukani. Kufungua ni kurudi nyuma, kwenye siti.

Sasa, hilo peke yake halitoshi.

Kushoto ni kushoto kwa mtu aliyekaa juu ya baiskeli. Mafundi wengi, mimi mmojawapo, husimama mbele wakiitazama mashine, na hapo kushoto kwako ni kulia kwake. Kaa kwanza, onyesha kwa mkono, ndipo ushuke.

Pedeli huwa na herufi, L ya kushoto na R ya kulia. Iliyogongwa kwenye chuma iamini. Iliyo kwenye kibandiko usiiamini. Nimeshakuta vibandiko vimebadilishana. Hakikisha kwa macho: simamisha pedeli, hesi ziangalie juu. Mistari ikipanda kuelekea kulia, ni ya kulia. Ikipanda kuelekea kushoto, ni ya kushoto. Halafu chungulia tundu la krenki uone kama vinaoana, kwa sababu na krenki zenyewe zinaweza kuwa zimefungwa upande usio wake.

Paka grisi kidogo. Weka pedeli kwenye tundu ikiwa imenyooka, usiilaze hata kidogo. Anza kwa kuizungusha upande wa kufungua, polepole, mpaka usikie "tak" ndogo. Hapo hesi zimekutana. Ndipo uzungushe upande wa kukaza, kwa vidole tu. Izunguke raundi tatu nzima kabla hujagusa spana. Ikigoma kwa vidole, ichomoe uanze upya. Spana haitengenezi hesi, inazila.

Raundi tatu zikipita, chukua spana namba 15, kaza mpaka bega la pedeli likae kwenye krenki, kisha tia nguvu ya mkono mmoja. Ile spana ya bati inayokuja kwenye boksi itupe, inapinda na kukuachia kidonda.

Na usipande hata dakika tano ikiwa imelegea, kwa kuwa pedeli iliyolegea inakula hesi kwa uzito wako mwenyewe. Hilo ndilo lililokuwa likigonga kwa mama mdogo. Bahati yake hesi zilikuwa bado hai.

Ikiwa pedeli imekaza na bado kuna kugonga, basi tatizo ni krenki kwenye ekseli, ule mhimili wa katikati unaoshika krenki zote mbili. Bandua kifuniko cha plastiki katikati, ndani kuna nati au bolti, mara nyingi inaingia soketi namba 14. Ikaze. Ikilegea tena baada ya siku mbili, lile tundu la krenki limeshapanuka. Nunua krenki nyingine, usipoteze muda kubandika vipande vya kopo la soda humo ndani kama nilivyoona mahali.

Pedeli ikivunjika, si lazima iwe ya mashine. Za baiskeli za kawaida huingia kwenye nyingi, lakini kuna saizi mbili za hesi, inchi 9/16 na nusu inchi. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi.

Hatua ya 5: Siti

Kila anayeanza hutaka kukaa huku nyayo zote zimegusa sakafu. Anajisikia salama, na magoti yake yanakufa. Kwenye ya wima na ya spin, pima hivi: kaa, weka kisigino kwenye pedeli, ishushe mpaka chini kabisa. Mguu unyooke wote bila nyonga kulalia upande mmoja. Ukirudisha mguu mahali pake, ile sehemu pana ya unyayo nyuma ya vidole ikiwa juu ya pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo, nyuzi 25 hadi 35.

Goti likiuma mbele, siti iko chini. Likiuma nyuma, iko juu. Kiuno kikicheza kushoto na kulia, iko juu. Usivuke alama ya mwisho iliyochorwa kwenye bomba la siti. Ukishapata kipimo, tia alama kwa rangi ya kucha. Nyumba yenye wapandaji watatu iwe na rangi tatu.

Ya mama mdogo niliipandisha matundu manne. Alilalamika kwamba nataka kumwangusha.

Hatua ya 6: Kupanda

Mwenye presha, sukari au moyo aongee na daktari wake kabla ya kuanza. Baadhi ya dawa za presha huzuia mapigo kupanda, kwa hiyo ile namba ya mapigo kwenye usukani isikutishe wala kukudanganya. Anayetumia insulini, au vidonge vya kushusha sukari, apime kabla na aweke tende karibu. Kifua kikibana, shuka, nenda hospitali.

Wiki ya kwanza dakika 10, siku tatu. Zungusha mizunguko 60 hadi 80 kwa dakika, ikiwa imekazwa kidogo tu. Kipimo changu ni mdomo: uweze kuongea, usiweze kuimba taarabu. Ongeza dakika kabla ya kuikaza zaidi, mpaka ufike dakika 150 kwa wiki, ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kama kiwango cha chini kwa mtu mzima. Namba ya kalori kwenye skrini ni ya kujifurahisha.

Mama mdogo anapanda taarifa ya habari ya saa mbili ikianza, anashuka wakifika kwenye michezo.

Hatua ya 7: Matunzo

Futa jasho kila ukishuka, chumvi yake inakula bolti. Usiiweke barazani, hasa ukiwa karibu na bahari. Baada ya wiki ya kwanza kaza tena pedeli na krenki, kisha kila mwezi. Mkanda wa ndani usipakwe grisi wala mafuta, utateleza. Na ikilia baada ya yote haya, kabla hujanipigia angalia miguu yake minne: marumaru zetu haziko sawa, na mara nyingi ni mguu mmoja uko hewani. Uzungushe ule mpira wa chini mpaka uguse sakafu.