Kufundisha Riwaya ya Harper Lee katika Kidato cha Tatu
Kabla ya kuifungua To Kill a Mockingbird, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960, tenga kipindi kimoja cha kueleza sheria za ubaguzi zilizotawala Alabama katika miaka ya 1930, kwa sababu mwanafunzi wa Nakuru asiyezijua ataisoma kesi ya Tom Robinson, mtu Mweusi anayesingiziwa kumbaka Mayella, msichana Mzungu, kama kisa cha kortini tu. Anzia nyumbani: waulize ni nani walioruhusiwa kumiliki mashamba makubwa ya Bonde la Ufa enzi za ukoloni, na ni nani waliolazimishwa kuvaa kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, shingoni.

Sura za kesi zisomwe polepole, kwa sauti. Mwite mwanafunzi mbele, mkono wake wa kushoto ukining'inia bila nguvu kama wa Tom, kisha darasa lieleze angewezaje kumjeruhi Mayella upande wa kulia wa uso. Hapo mimi hunyamaza, hata kimya kikirefuka.

Tusi la kibaguzi linalojirudia kitabuni lielezwe mapema, wala lisitamkwe na mwanafunzi yeyote. Sura nyingine zinaweza kusomwa bwenini. Insha iandikwe kwa sauti ya Helen, mkewe Tom, ambaye mwandishi, kwa maoni yangu, amempa nafasi finyu mno.