Mti umepukutika kiangazi? Usishike panga kwanza

Kila Januari na Februari huku kwetu Lushoto, kwenye milima ya Usambara, kuna kitu kinaniuma sana, mtu anaona mti shambani hauna hata jani moja anasema huu ushakufa, anauangusha apate kuni. Mwaka juzi mjomba wangu aliangusha mshai mkubwa hivyo hivyo, tulipogusa kisiki ganda lilikuwa bichi kabisa, maji yanachuruzika. Mti ulikuwa mzima, unasubiri masika tu.

Kwa hiyo kabla hujakata anza na ukucha. Shika kitawi chenye unene kama kalamu, kwangua ganda kidogo kwa kidole gumba. Ukiona kijani na unyevunyevu, mti uko hai, uache. Ukiona kahawia na pakavu usihukumu bado, maana mti ukizidiwa na ukame mara nyingi unaanza kukauka kwenye ncha, sa we shuka kwenye tawi nene ukwangue tena, alafu shina lenyewe. Pinda na kitawi pia, kilicho hai kinapinda, kilichokufa kinakatika tak!

Sasa ujue na aina ya mti maana hapa ndo watu wengi wanakosea. Mshai, mringaringa, na mvule kule chini kuelekea tambarare, hii inadondosha majani kiangazi kwa sababu maji ya mti yanapotelea kwenye majani, ukiyaondoa umefunga bomba. Kupukutika kwao siyo ugonjwa.

Mkulo na mwangati ni habari nyingine, yote iko kijani mwaka mzima lakini haifanani hata kidogo. Mkulo ni mti wa upande wenye mvua na ukungu unaotoka baharini, jani lake pana, ligeuze uone chini lilivyo jeupejeupe. Mwangati unaukuta upande mkavu wa milima, majani yake madogo kama magamba ya samaki yamelala kwenye kitawi, na mbao yake ina mishipa myembamba migumu. Ugumu huo una kazi. Maji ndani ya mti yanavutwa kwenda juu kama uzi, udongo ukikauka uzi unakazwa mpaka hewa inaingia na kuukata, na mshipa uliokatika haupandishi maji tena. Mwangati unavumilia mkazo huo kuliko miti mingi. Kuna miti mingine inajilinda kwa kufunga mapema vitundu vya kwenye majani, inaokoa maji ila na chakula haitengenezi kwa sababu hewa haiingii, kiangazi kikiwa kirefu inadhoofika kwa njaa na wadudu wanaupata upenyo.

Mti wenye majani upime kwa saa. Pita saa nane mchana uone kama majani yamelegea, alafu rudi kesho yake saa kumi na mbili asubuhi jua halijatoka. Yakiwa yamesimama, usiku mizizi imepata maji, usiwe na wasiwasi. Yakiwa bado yamelala alfajiri hiyo basi udongo umeisha maji kweli, na kama ni mche mwagilia siku hiyo hiyo.

Kwenye kupanda, mkulo usiupeleke kwenye mteremko mkavu unaotazama Mombo kule chini tambarare, utauonea bure, huko peleka mwangati. Mgrevilea unafaa mpakani mwa shamba. Mkaratusi mimi nasema wazi usiweke karibu na chemchemi, unakunywa sana na mizizi inafika mbali, na maji ya milima hii yana wenyewe huko chini, mji wa Tanga wenyewe unategemea mto Zigi unaotoka Usambara Mashariki.

Miche ikiwa bado kitaluni punguza maji kidogo kidogo wiki kama nne kabla ya kupanda ili ikomae, ipande masika yakishaloweka udongo vizuri, weka matandazo ya majani makavu lakini yasiguse shina. Na ukimwagilia, usinyunyize kikombe kila siku, hapo unaifundisha mizizi kukaa juu, mwaga ndoo nzima taratibu mara moja kwa wiki maji yazame, mizizi iyafuate chini.