Ukitaka pikapu ya dizeli iliyotumika, ifuate ikiwa baridi

Muuzaji akikwambia, "Mama, njoo saa sita nitakuwa nimeshaiosha," mjibu: hapana kaka yangu, nakuja alfajiri, na usiiwashe mpaka nifike. Injini ya dizeli iliyochoka ikishapata moto huficha mambo mengi. Hapa Njombe baridi ya Juni na Julai haina huruma, na mimi ninayebeba viazi kutoka mashambani kupeleka Makambako huwa nakagua gari saa hizo hizo.

Ukifika, kabla ya salamu hazijaisha, fungua boneti uweke kiganja juu ya injini. Kama ina joto, imeshawashwa. Usigombane na mtu, mwambie utarudi kesho. Kama ni baridi, fungua rejeta sasa hivi, kwa sababu ikishachemka hutaweza. Maji yawe masafi. Ukiona mafuta yanaelea juu, gasketi ya silinda hedi inatiliwa shaka; maji ya rangi ya kutu yanaonyesha mfumo wa kupooza haukutunzwa.

Sasa iwashwe. Subiri taa ya hita kwenye dashibodi izime, halafu mtu mwingine apige stata wakati wewe umesimama nyuma kwenye ekzosi. Moshi kidogo wakati wa baridi si kitu, ila uishe haraka. Moshi mweupe unaokataa kuisha na unaonuka dizeli ni ubovu wa nozeli, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, au kompresheni imepungua. Wa buluu, injini inakula oili. Mweusi unapokanyaga mafuta huenda ni chujio la hewa tu, huo haunitishi sana.

Kisha fungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, uulaze kichwa chini juu ya tundu lake. Ukitikisika kidogo, sawa. Ukirushwa, injini inapumua: ringi na silinda zimelika, na hapo unanunua ovahoo, yaani kufumua injini nzima. Usishtuke oili kuwa nyeusi, dizeli zote ziko hivyo. Shtuka ukikuta uji wa rangi ya maziwa, maana ni maji.

Tofautisha injini, maana watu wanasema "Hilux", pikapu ya Toyota, kana kwamba ni gari moja. Injini ya 5L ni cc 2986, haina tabo ya kuisukumia hewa zaidi, na nyingi zina pampu ya kawaida ambayo fundi wa kijijini anaielewa. Mlimani ni nzito, lakini kwa mtu anayelala porini na mzigo naichagua hiyo. Hilux za Vigo, zilizoanza 2004, nyingi za dizeli zina injini ya 2KD ya cc 2494 au 1KD ya cc 2982, zote za tabo na nozeli za umeme. Zina nguvu na hazili sana, ila kwenye hizi injini za KD kuna jambo moja la kuliangalia kwa macho yako.

Chini ya kila nozeli kuna washa ndogo ya shaba. Ikichoka, gesi ya moto kutoka kwenye silinda inapenya kuingia chini ya kava la valvu na kuichoma oili mpaka inakuwa kama lami. Lami hiyo inateremka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio linalofyonza oili. Gari litaendelea kutembea vizuri tu, huku tabo na beringi za krenki zikikosa oili, hadi siku injini itakapokata barabarani ukiwa na mzigo wa watu. Ndiyo maana kwa KD namlipa fundi wangu, si fundi wa dalali, ashushe sampu tuchungulie chujio. Muuzaji anayekataa jambo hilo sinunui kwake, hata akipunguza bei.

Muulize pia habari ya taimingi belti. Kwa KD taa ya T-BELT huwaka kwenye kilomita 150,000, na 5L hubadilishwa kila 100,000. Taa inazimika bila belti kuguswa, kwa hiyo omba risiti. Belti ikikatika, valvu zinagongana na pistoni. Kilomita za kwenye dashibodi zisikupe usingizi, zinarudishwa nyuma. Tazama raba za pedali, usukani ulivyolainika na ukingo wa kiti cha dereva.

Lala chini uione chasisi. Pikapu ya mzigo huchanika nyuma ya kebini na kwenye mikono ya springi. Gonga kwa spana usikie kama kutu imekula, na utafute alama za kuchomelea zilizofunikwa na rangi mpya.

Barabarani tafuta mlima. Ukiwa mkoa wa Iringa, Kitonga itakueleza kila kitu: kama inachemsha, kama inapoteza nguvu, kama gia inachomoka. Kwa klachi, simama tambarare, vuta hendibreki, weka gia ya tatu, uachie klachi taratibu. Injini izimike. Ikiendelea kuunguruma, sahani imekwisha. Fo wili ijaribie kwenye vumbi, siyo lami.

Karatasi hazina maneno mengi. Namba ya chasisi isome kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele, na ya injini pia, ulinganishe na kadi. Tafuta faini kwa namba ya gari. Kadi ikiwa benki, mkopo bado upo. Jina la muuzaji lifanane na la kwenye kadi, na fedha itoke siku mnayoanza kuhamisha umiliki TRA.

Ukishainunua, usiipakie kwanza. Mwaga oili yote, badilisha machujio, toa maji kwenye chujio la dizeli, na kama risiti ya belti haikuonekana, funga mpya siku hiyo hiyo.