Kutoka Mombasa hadi mapango ya mafuvu ya Taita

Panda treni ya asubuhi kutoka Miritini hadi Voi, kisha matatu za kupitia Mwatate hadi Wundanyi, ambako baridi ya milimani humshangaza mtu wa pwani, kwa hiyo usiache koti nyumbani. Usiende pangoni peke yako. Watafute kwanza wazee wa ukoo, kwani mafuvu yaliyopangwa chini ya miamba ni ya mababu zao, waliozikwa kisha vichwa vyao vikafukuliwa na kuhifadhiwa humo, na wenye kauli ni wao. Usiguse fuvu lolote. Picha nazo ziombewe ruhusa mapema. Katika fighi, misitu mitakatifu ya Wataita, usikate hata kijiti. Vaa viatu vyenye meno, maana mvua ikinyesha njia huteleza vibaya.