SOMO: Mwili unawasha usiku na hujui ni nini? Soma hapa kabla hujanunua tyubu nyingine

Wakuu, salaam. Kila wiki napokea ujumbe ule ule: picha ya mkono iliyopigwa gizani, chini yake "dokta hii nini?" Kwanza mimi si daktari, niko kaunta ya duka la dawa. Pili, picha ya gizani haisomeki. Naandika leo kuhusu upele (scabies), muwasho unaoletwa na wadudu wadogo wanaochimba ngozi, na atakayeuliza tena nitamtumia huu uzi.

1. Ondoa kwanza mambo ya hospitali. Vipele pamoja na homa. Vipele vilivyoanza baada ya dawa mpya (za salfa, za kifafa, nevirapini ya VVU), hasa ngozi ikiuma, ikivuka, au midomo na macho yakitoka vidonda: hapo usisubiri kesho. Malengelenge yenye maumivu upande mmoja tu wa mwili, yaani mkanda wa jeshi. Dawa yake inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72.

2. Unawasha saa ngapi? Ukizidi usiku ukishajifunika, endelea kusoma.

3. Nani mwingine nyumbani anajikuna?

4. Viko wapi? Katikati ya vidole, kifundo cha mkono, kwapani, kiunoni panapokaa lastiki, kuzunguka chuchu, sehemu za siri. Mtoto mchanga huvipata hadi kichwani, viganjani na nyayoni. Usitafute wekundu wa zile picha za mtandaoni, ngozi yetu haionyeshi hivyo. Tafuta vijipele vigumu vyeusi kuliko ngozi yako au vya kijivujivu, mikwaruzo ya kucha, na ukibahatika, kamstari kembamba kalikopinda, ka milimita chache. Huo ni mtaro wa mdudu jike, anachimba na kutaga humo.

Ukijibu ndiyo kwa 2, 3 na 4, huo karibu hakika ni upele, na usipoteze hela kwa dawa za aleji ukidhani zitaua mdudu. Duara lenye kingo zilizoinuka ni choa. Mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, tangu utotoni, fikiria pumu ya ngozi.

5. Weka chini ile tyubu. Betamethazoni, klobetazoli (krimu za steroidi), na zile krimu za "tatu kwa moja" zenye steroidi pamoja na dawa za fangasi na bakteria. Zinatuliza muwasho siku mbili tatu huku wadudu wanazaana, na vipele vinabadilika sura hata mtaalamu anashindwa kuvitambua.

6. Nunua losheni ya BBE ya asilimia 25 (ndiyo benzili benzoati), au permethrini ya asilimia 5 ukimudu.

7. Oga, jifute, ngozi ikauke.

8. Pakeni NYUMBA NZIMA, USIKU MMOJA. Hapa ndipo wengi wanachemsha, mwandishi akiwemo. Mtu akiambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 2 hadi 6 bila kuwashwa, na muda wote huo anaambukiza wengine. Kwa hiyo baba anayesema "mimi siwashwi" anapakwa. Dada wa kazi anapakwa. Bibi aliyekuja juzi kutoka kijijini anapakwa. Mpenzi asiyeishi hapo naye anapakwa, utajua mwenyewe utamwambiaje. Ukimruka mmoja, mwezi ujao mnaanza upya na utanilaumu kwamba nimekuuzia dawa feki.

Namna ya kupaka: kuanzia shingoni hadi vidole vya miguu, si penye vipele tu. Chini ya kucha (zikateni kwanza), katikati ya makalio, kitovuni, nyayoni. BBE inakaa saa 24, permethrini saa 8 hadi 14. Ukinawa mikono, paka tena mikono. Watu wanapaka saa mbili usiku, saa tatu wananawa wale ugali, na vidoleni ndiko wadudu wanakopenda kukaa. BBE inachoma, hasa penye mikwaruzo; isifike machoni. Mtoto wa miaka 2 hadi 12 inachanganywa nusu kwa nusu na maji. Chini ya miaka 2, na mjamzito, usijipangie: nenda kituo cha afya.

9. Nguo, shuka, taulo: maji ya moto, jua, pasi. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko siku nne tano, maana mdudu nje ya ngozi hamalizi siku nyingi, ni mbili au tatu. Godoro usilichome.

10. Rudieni wote baada ya siku 7.

11. Muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata wadudu wakiwa wamekufa, ni mwili unagombana na mabaki yao. Usipake BBE kila siku kwa hasira, itakubabua.

---

Kijana wa Temeke: Mkuu somo refu, nifupishie. Nipake nini?

Jibu: Namba 6.

Kijana wa Temeke: Nilishapaka hiyo BBE haifanyi kazi.

Jibu: Unaishi na nani, na wao walipaka?

Kijana wa Temeke: Naishi na jamaa wawili geto ila wao hawana.

Jibu: Namba 8. Soma taratibu.

Mama Pili: Shikamoo. Hako kamstari unakaonaje kwenye ngozi nyeusi? Nimetafuta kwa tochi ya simu sijakaona.

Jibu: Marahaba dada. Swali zuri sana. Chukua kalamu ya wino, paka juu ya kijipele unachokishuku, subiri kidogo, kisha futa kwa pamba yenye spiriti. Wino wa juu unatoka, ule ulioingia kwenye mtaro unabaki kama uzi. Usipouona haimaanishi huna: mtu mzima wa kawaida anakuwa na wadudu kama 10 hadi 15 tu mwili mzima. Jaribu kati ya vidole na kwenye kifundo.

Mama Pili: Nimeuona! Kwa mwanangu wa bweni. Nifanyeje na shule?

Jibu: Mwambie matroni leo. Akitibiwa peke yake akarudi kitanda kile kile, umetwanga maji kwenye kinu. Na mtazame kama vipele vina usaha, vinahitaji dawa ya bakteria. Uso ukivimba asubuhi au mkojo ukiwa na rangi ya chai, mpeleke hospitali, figo zinaweza kuguswa.

Mfugaji: Ivermectini ya ng'ombe si ndiyo ile ile? Ninayo.

Jibu: Hapana. Ya binadamu ni vidonge, mikrogramu 200 kwa kila kilo, dozi ya pili baada ya siku 7 hadi 14, na mtu anakuandikia. Si kwa mjamzito wala mtoto chini ya kilo 15. Ya ng'ombe mpe ng'ombe.

Mkongomani wa Kigoma: Kwetu wanasema hivyo vidonge vinaweza kuleta matatizo. Ni kweli?

Jibu: Kweli kwa waliokaa misitu ya Afrika ya Kati, kwenye mnyoo wa Loa loa unaopita jichoni. Ukiwa nao kwa wingi, ivermectini inaweza kudhuru ubongo. Mwambie daktari ulikokaa kabla hajaandika. Asante kwa kuuliza, wengi hawasemi.

Fundi Rama: Mimi yangu ni mstari wa kuungua shingoni, nimeamka nao. Hauwashi, unachoma.

Jibu: Huo si upele. Kuna kadudu kembamba, keusi na kekundu, kanafuata taa msimu wa mvua. Ukikaponda maji yake yanababua. Osha kwa sabuni, usitumbue malengelenge, osha na mto. Siku nyingine kapulize, usikapige kofi.